Makavazi ya Kitaifa na vituo vya nyaraka vya magharibi: karatasi zipo, orodha ndiyo inayoangusha

Mtu wa Kisumu, Nakuru au Kakamega anayetafuta karatasi ya zamani ya serikali ana milango minne ya kugonga: afisi iliyofungua faili hapo mwanzo, kituo cha nyaraka cha eneo lake, Makavazi ya Kitaifa pale Moi Avenue jijini Nairobi, na mtandao. Wengi hukimbilia Nairobi kwanza. Wanapanda basi la usiku, wanashuka mjini alfajiri, na saa tatu asubuhi wanaelezwa kwamba faili lenyewe halijawahi kuondoka Kakamega. Tumeipima milango yote minne kwa swali moja: je, mwananchi asiye wakili wala mtafiti wa chuo anaweza kuipata karatasi aliyoifuata?

Anaweza, tena mara nyingi kuliko anavyodhani. Karatasi zimetunzwa kwa kiwango cha kuridhisha, na sheria inampendelea mwombaji kuliko anavyoambiwa dirishani. Mambo hukwama kwenye orodha. Karani hawezi kukuletea faili ambalo daftari la orodha linaliita "Mengineyo, 1951–1958", hata kama ndani yake mna mchoro wa mpaka wa shamba lenu.

Jambo la kulielewa kabla ya kutoka nyumbani ni kwamba serikali haipangi mafaili kwa jina la babu yako, wala la kijiji, wala nambari ya ploti. Inayapanga kwa afisi iliyoyaandika. Chukua mzozo wa shamba wa Butere wa mwaka 1954. Ukiuliza mafaili ya Mkoa wa Magharibi hutapata kitu, kwa sababu mkoa huo uliundwa 1963. Mwaka huo wa 1954 Butere ilikuwa chini ya Mkuu wa Wilaya ya Nyanza Kaskazini aliyekaa Kakamega, naye aliripoti kwa Mkuu wa Mkoa wa Nyanza aliyekaa Kisumu. Kwa hiyo alama za mafaili za kutafuta ni DC/NN (mkuu wa wilaya) na PC/NZA (mkuu wa mkoa). Rudi nyuma zaidi, kabla ya 1948, na wilaya hiyo hiyo inaitwa Kavirondo Kaskazini. Songa mbele hadi 1956, na sehemu ya Bungoma inakatwa kuwa wilaya ya Elgon Nyanza. Kericho nayo, ambayo leo kila mtu anaihesabu Bonde la Ufa, ilikuwa ndani ya Nyanza hadi mipaka ilipochorwa upya wakati wa uhuru. Wa Nakuru ana nafuu: mji ulikuwa makao makuu ya mkoa wa Bonde la Ufa, na alama zake ni PC/RVP kwa mkoa na DC/NKU kwa wilaya.

Alama hizo husomwa kutoka kushoto. Herufi za kwanza ni cheo cha afisi, zinazofuata ni mahali, kisha tarakimu zinashuka kutoka fungu kubwa hadi faili moja. Ukiandika "PC/NZA" peke yake kwenye fomu ya maombi umeagiza rafu nzima. Ukiandika alama yote hadi tarakimu ya mwisho, faili linakuja.

Kuna mapengo mawili ambayo hakuna karani anayeweza kuyaziba, na ni vyema yajulikane mapema. Kisumu, Naivasha na Nakuru zilikuwa ndani ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda hadi Aprili 1902, miezi michache tu baada ya reli kufika ziwani Desemba 1901. Karatasi za utawala za kabla ya hapo zilienda Entebbe, na mwenye kuzihitaji aulize makavazi ya Uganda. Pengo la pili ni moto wa 1939 ulioteketeza jengo la sekretarieti ya serikali Nairobi pamoja na rundo kubwa la mafaili ya makao makuu. Ndiyo sababu mafaili ya Kisumu na Nakuru yana thamani kupita kiasi: barua iliyoandikwa Nairobi 1932 huenda leo imebaki kwa nakala iliyopokewa na mkuu wa mkoa tu.

Sasa vituo vya nyaraka vya maeneo. Makavazi yana vituo Nakuru, Kisumu na Kakamega, mbali na Nyeri na Mombasa. Hapa ndipo matarajio ya watu na kazi ya kituo hupishana. Kituo cha nyaraka si chumba cha kusomea. Ni ghala la mafaili ambayo afisi haiyatumii kila siku lakini haijayaacha: mafaili ya watumishi waliostaafu, vocha za malipo, barua za idara zilizofungwa. Katika hatua hiyo faili bado ni mali ya idara iliyolileta, na kituo ni mtunzaji tu. Msimamizi akikukatalia kulifungua bila idhini ya idara, hajakudharau. Anafuata utaratibu.

Njia ya kupita hapo ni fupi kuliko inavyoonekana. Nenda kwanza kwenye idara iliyokuwa na faili, uombe waangalie orodha ya uhamisho. Kila shehena ya masanduku inayoingia kituoni inapaswa kuwa na orodha hiyo kwa nakala: moja inabaki idarani, nyingine inakaa kituoni. Inaonyesha nambari ya sanduku, alama ya faili, kichwa chake, na tarehe ya waraka wa kwanza na wa mwisho. Ukishapata nambari ya sanduku, omba idara iandike barua ya kuliita faili. Likirudi idarani, unalikagua hapo. Mstaafu anayefuatilia pensheni aombe faili lake kwa nambari yake ya utumishi, kwa kuwa majina yanayofanana ni mengi na karani akikosea jina, sanduku zima linarudi rafuni bila jibu.

Kinachoharibu utaratibu huu ni idara inayopeleka mafaili kwa lori siku ya kuhama jengo bila kuandika orodha. Masanduku hupokewa kwa idadi, hayapokewi kwa majina, na kuanzia siku hiyo kila utafutaji ni wa mikono. Uharibifu wa pili ni faili la muda. Faili kuu likikosekana, masjala, yaani chumba cha mafaili cha afisi, hufungua la muda ili kazi isisimame. Faili kuu likipatikana, utaratibu wa masjala unataka yaunganishwe. Mara nyingi hayaunganishwi, na miaka ishirini baadaye nusu ya habari iko sanduku moja na nusu nyingine iko sanduku jingine lenye kichwa tofauti kidogo. Ukipewa faili lenye mwanya wa miezi kadhaa katikati, uliza kama kulifunguliwa la muda.

Namna ya kulisoma faili lenyewe wengi hawajafundishwa, nasi tungependa ifundishwe hata shule za upili. Fungua faili la kawaida la wilaya. Jalada la manila lina kichwa, alama ya kumbukumbu na nambari ya juzuu. Alama ya masjala ya wilaya huanza na herufi za mada, kama LND kwa ardhi au EDU kwa elimu. Ndani, kila karatasi ina nambari kwenye pembe ya juu kulia, kwa kawaida kwa wino mwekundu. Hiyo ndiyo folio. Folio ya kwanza iko chini kabisa na ya karibuni iko juu, kwa hiyo anayesoma kama kitabu anaanzia mwisho wa hadithi. Madokezo ya maafisa huandikwa kwenye karatasi yake upande wa kushoto, yakirejelea folio kwa nambari: "Tazama folio 34, tafadhali shauri." Herufi BU na tarehe maana yake faili lirudishwe mezani siku hiyo. PA maana yake lirudishwe rafuni. Dokezo ndilo linaloonyesha nani aliamua nini na lini, wakati barua iliyotoka huonyesha sahihi ya mkubwa tu.

Hesabu folio kabla hujasoma neno. Zikienda 1, 2, 3 hadi 40 kisha 43, andika kwa karani hapo hapo kwamba 41 na 42 hazipo, upate sahihi yake. Ukigundua baada ya kurudisha faili, wewe ndiwe wa kwanza kuulizwa. Folio ikiwa imehamishiwa faili jingine, karatasi ya kuelekeza inapaswa kuwa imeachwa mahali pake. Masjala nzuri hufunga juzuu folio zikifika 100 hivi au unene ukikaribia inchi moja, inafungua juzuu ya pili na kuandika hivyo juu ya jalada. Faili nene kuliko hapo hupasuka matundu ya kamba, na karatasi za pembeni ndizo za kwanza kupotea.

Kwenye utunzaji wa karatasi, hali ya hewa inafanya Kisumu na Nakuru zipimwe tofauti. Kiwango kinachofuatwa na wahifadhi ni joto la nyuzi 16 hadi 20 na unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 60, tena usiobadilika-badilika. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, hukaribia kiwango hicho usiku bila mtambo wowote. Adui wake ni vumbi la kiangazi, ambalo husugua wino na kubeba mbegu za kuvu, kwa hiyo masanduku yenye mifuniko hushinda rafu wazi. Kisumu iko mita 1,130 hivi, joto la mchana hukaribia nyuzi 30, na hewa ya ziwa asubuhi imejaa maji. Unyevu ukizidi asilimia 65 kuvu huota. Chumba kilichofungwa madirisha mwaka mzima "ili kulinda siri" ndicho kinachooza. Feni inayozungusha hewa, rafu zilizoachwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kutoka ukuta wa nje, na rafu ya chini iliyoinuliwa sentimita 15 kutoka sakafuni hufanya kazi kubwa kwa pesa kidogo. Mchwa hupanda kupitia ukuta, na mafaili yaliyoegemea ukuta ndiyo chakula cha kwanza.

Vyuma navyo ni tatizo la Kisumu kuliko Nakuru. Pini na stepo hupata kutu, kutu inakula karatasi kwa umbo la pini, na ukiivuta kwa nguvu inang'oa kipande chenye tarehe. Huinuliwa kwa kisu butu kutoka nyuma, mguu mmoja mmoja, na kipande cha plastiki kimewekwa chini kukinga karatasi. Selotepu tusiisikie kabisa: gundi yake huwa ya kahawia na kupenya hadi upande wa pili. Kupitisha hati kwenye plastiki ya moto, kazi inayofanywa kila mtaa penye mashine ya fotokopi, ni kuiua. Joto hupika wino, na plastiki haitoki tena bila kuharibu karatasi.

Na mafuriko. Afisi za machifu na shule za Budalang'i na uwanda wa Kano zinayajua. Karatasi iliyolowa ina saa 48 hivi kabla ya kuvu kushika. Usiianike juani, na usijaribu kutenganisha kurasa zilizoshikana zikiwa chepechepe. Toa faili kama lilivyo, liweke juu ya meza iliyotandikwa karatasi nyeupe isiyo na maandishi, na kila kurasa kumi au kumi na tano chomeka karatasi kavu ya kunyonya maji, uibadilishe inapolowa. Usitumie gazeti lenye wino, huo wino huhama. Yakiwa mengi kuliko mikono iliyopo, yafunge kwa plastiki na uyagandishe kwenye friza. Barafu husimamisha kuvu, na kazi ya kukausha inaweza kungoja wiki au miezi.

Makao makuu ya Moi Avenue yanastahili safari endapo tu una alama za mafaili mkononi. Beba kitambulisho cha taifa, jiandikishe chumba cha utafiti, acha mkoba nje, ingia na penseli na karatasi. Kalamu ya wino haipaswi kukaribia hati. Mtafiti wa chuo abebe pia kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Malipo ya serikali sasa hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hiyo hakikisha simu ina pesa na chaji. Usipige picha bila kuuliza, kwani nakala zina utaratibu na ada yake. Ukiwa na siku moja tu, agiza kwanza ripoti za mwaka za wilaya, ripoti za makabidhiano ambazo mkuu wa wilaya aliyeondoka alimwandikia aliyeingia, na vitabu vya kumbukumbu za kisiasa za wilaya. Ripoti ya makabidhiano ndiyo tamu kuliko zote. Mle afisa anasema waziwazi chifu gani haaminiki, barabara gani haipitiki na kesi gani ameiacha kiporo. Ukipata jibu mapema, shuka ghorofa ya chini utazame mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais. Hauna uhusiano na shamba lenu, lakini hutajuta.

Sheria ya makavazi ya 1965, Sura ya 19, hufungua nyaraka kwa umma zikitimiza miaka 30. Karatasi za 1992 kuhusu mapigano ya kikabila Bonde la Ufa, kwa mfano, zimeshavuka umri huo. Lakini kuvuka umri si kufika rafuni. Lazima idara izihamishe, zitathminiwe na ziorodheshwe kwanza, na hapo ndipo miaka mingine hupotelea. Maksi tunazoipa hatua hii ni chache, na lawama nyingi tunaziweka kwa idara zinazokalia mafaili kuliko kwa wanaoyapokea.

Mlango unaotupendeza kuliko yote hauhitaji safari. Ni barua kwa afisi iliyo na faili. Sheria ya Upatikanaji wa Habari, nambari 31 ya 2016, iliyotokana na Kifungu cha 35 cha Katiba, inampa kila raia haki ya kuomba habari iliyo mikononi mwa afisi ya umma, kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Huulizwi sababu. Kuwasilisha ombi ni bure, unalipa gharama ya nakala tu. Asiyeweza kuandika anapaswa kusaidiwa na afisa. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa ni suala la uhai au uhuru wa mtu. Afisi inaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu. Kama habari iko kwa afisi nyingine, ombi linapaswa kupelekwa huko ndani ya siku 5. Na habari iliyokaa zaidi ya miaka 30 huchukuliwa kuwa haizuiliwi, mpaka afisi ithibitishe vinginevyo. Sentensi hiyo moja ina uzito. Iandike katika barua.

Maombi mengi huanguka kwa sababu yameandikwa kama malalamiko. "Naomba ukweli kuhusu ardhi yetu" hakuna masjala inayoweza kuitafuta. Andika hivi: "Naomba kukagua na kupewa nakala ya barua na kumbukumbu za mikutano kuhusu kutengwa kwa ardhi ya soko la" jina, "tarafa ya" jina, "kati ya Januari 1974 na Desemba 1979, zilizokuwa katika masjala ya afisi ya Mkuu wa Wilaya." Hapo umetaja aina ya waraka, mada, mahali, miaka na afisi. Andika kwa mkuu wa taasisi, kwa sababu ndiye afisa wa habari kisheria hata akikaimisha kazi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Bila muhuri huo siku 21 hazina pa kuanzia. Ukikataliwa, una siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, wengi humwita Ombudsman, na ina tawi Kisumu. Kimya kikipita siku 21 nacho ni kukataliwa.

Kwa mipaka ya shamba lililosajiliwa, usianzie makavazi hata kidogo. Msajili wa ardhi wa kaunti ndiye mwenye kadi ya kijani inayoonyesha kila mmiliki tangu usajili wa kwanza, pamoja na faili la ploti lenye fomu za uhamisho. Nakala ya kufikia mahakamani lazima ithibitishwe na afisi inayoitunza hati. Muhuri wa wakili juu ya fotokopi hauchukui nafasi hiyo.

Mtandaoni, hazina ni Gazeti Rasmi la Kenya, lililoanza 1899. Matoleo yake ya zamani yako Google Books na Gazettes.Africa, na tovuti ya Kenya Law inayo pia. Notisi za hatimiliki zilizopotea, ambazo hutoa siku 60 za pingamizi, na za mirathi, ambazo hutoa siku 30, zimo humo. Tafuta nambari ya ploti kwa namna zaidi ya moja, yenye mkwaju (/) na isiyo nao, maana mashine iliyosoma kurasa za zamani huchanganya 1 na herufi l.

Kuhusu kutia mafaili kidijitali, matangazo huenda mbio kuliko skana. Ukurasa mmoja wa A4 kwa rangi, nukta 300 kwa inchi, bila kubanwa, ni megabaiti 26. Faili la folio 100, upande mmoja, ni gigabaiti 2.6. Zidisha kwa rafu moja tu. Diski zikinunuliwa leo lazima zinunuliwe tena baada ya miaka michache, na nakala ya pili ikae mji mwingine. Sheria ya 2016 ilitaka taasisi za umma ziweke kumbukumbu zao kwenye kompyuta ndani ya miaka 3. Ardhisasa, mfumo wa ardhi uliozinduliwa Aprili 2021, ulianza na Nairobi. Skani isiyo na jina la maana ni ile "Mengineyo" ya zamani iliyohamia kwenye skrini: ukiona folda za "SCAN0001" hadi "SCAN4500", jua kazi imefanywa nusu. Kila picha ibebe alama ya faili na nambari ya folio.

Mwenye swali la miaka ya hali ya hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, ajue kwamba Waingereza waliondoka na mafaili. Kesi ya wazee wa Mau Mau jijini London ndiyo iliyoyafichua 2011 huko Hanslope Park, ghala la serikali ya Uingereza. Ya Kenya yalikuwa kama 1,500, na yalianza kufunguliwa 2012 katika makavazi ya taifa ya Uingereza huko Kew chini ya alama FCO 141. Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, nako kuna filamu ndogo (maikrofilamu) za ripoti za mikoa na wilaya zilizopigwa miaka ya 1960. Wakati mwingine mtafiti wa huko huipata ripoti ya Kisumu upesi kuliko mtu wa Kondele, mtaa wa Kisumu kwenyewe.

Kuhusu kuteketeza: hakuna afisi ya umma inayoruhusiwa kuchoma mafaili kwa hiari yake. Sura ya 19 inataka idhini ya mkurugenzi wa makavazi, na mahakama zina sheria yao, Sura ya 14. Ukiambiwa "yalichomwa", omba cheti au orodha ya uteketezaji. Kama hakipo, basi hayakuchomwa kihalali, au bado yako stoo. Swali hilo limefufua mafaili mengi.

Sehemu dhaifu kuliko zote kwa sasa ni mafaili ya mabaraza ya miji na wilaya yaliyovunjwa 2013 kaunti zilipoanza. Ploti za soko, barua za ugawaji na vitabu vya ada vilirithiwa na kaunti pamoja na meza na viti, na kila kaunti imevitunza ijuavyo. Mwenye barua ya kugawiwa ploti ya enzi ya manispaa aombe sasa nakala zilizothibitishwa za vitu viwili: kumbukumbu za kikao kilichoigawa, na ukurasa wa daftari la ada unaoonyesha jina lake. Cha kwanza kilikuwa chini ya karani wa baraza, cha pili chini ya mweka hazina, kwa hiyo andika barua mbili.